Kipima Hewa Changu Kuitwa Mwongo

Kwa Mkuu wa Idara ya Mazingira,
Ofisi za Jiji, ghorofa ya tatu, mlango wenye kitasa kibovu.

Mheshimiwa Mkuu,

Natumaini u mzima na unapumua vizuri. Mimi ni fundi cherehani wa nyumba ya kona, mkabala na kiwanda cha rangi. Mwaka jana mlinipa heshima ya kutunza kimoja kati ya vile vipima hewa arobaini mlivyosambaza mjini. Nakipangusa vumbi kuliko ninavyompangusa mume wangu. Basi moyo uliniuma Jumatatu, mtakwimu wenu mwenye miwani aliponiambia, huku anakunywa chai yangu barazani, "Mama, namba za hapa kwako huwa tunazifuta."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila Jumanne namba za kipima changu hupanda ghafla. Mimi nasema ni moshi wa kiwanda. Mtakwimu anasema namba ikizizidi mno za wenzake, hiyo ni hitilafu ya mashine, inaondolewa. Yaani hewa ikichafuka kidogo, imechafuka. Ikichafuka kupindukia, imekuwa safi! Kwa kanuni hiyo kiwanda kinashauriwa kiongeze bidii.

2. Mwezi wa tatu kipima kilizimika siku nane. Badala ya kuacha nafasi wazi, mtakwimu akaijaza kwa makisio kutoka vipima viwili vya jirani. Kimoja kipo makaburini, ambako wakazi hawapiki wala hawaendeshi magari. Kingine kipo juu ya paa la benki, ghorofa ya tisa. Siku nane nzima nimepumua nusu na marehemu, nusu na meneja, wala sikuarifiwa.

3. Walipomaliza kufuta na kukisia, wakatafuta wastani, na mtaa wetu ukapakwa kijani kwenye ramani. Mama mkwe wangu, ambaye amekuwa akikohoa tangu mwaka jana, alikipeleka kifua chake zahanati. Daktari aliitazama ramani kabla ya kumtazama yeye, akasema, "Bibi, hewa yenu nzuri. Punguza mawazo." Alirudi nyumbani analia. Hili, Mheshimiwa, silifanyii mzaha.

4. Kwa kuwa mbinu hii ni ya kitaalamu, naomba itumike kwa haki. Mume wangu anakoroma. Majirani wa kulia na wa kushoto hawakoromi. Ni hitilafu. Njooni mumwondoe, nafasi yake ijazwe kutoka kwa jirani. Yule wa kulia atanitosha.

La sivyo, nirudishieni Jumanne zangu zote, mkifunge kiwanda, na mtakwimu aje amwombe radhi mama mkwe.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na dada wa mapokezi aliyeniambia "rudi kesho" mara nne bila kuinua kichwa.

Wako ninayepumua kwa mashaka,
Fundi cherehani, nyumba ya kona.

Tanbihi: Fundi wenu akija kukikagua kipima, asikitafute ukutani nje. Nilikiingiza ndani wiki ile ile ya kwanza, kisije kikaibwa. Mtakwimu alikunywa vikombe viwili, hakuuliza kilipo. Kinaning'inia chumba cha kushonea, juu ya pasi yangu ya mkaa, ambayo naiwasha Jumanne, siku ya kunyoosha sare za shule. Mama mkwe hukaa hapo hapo chini yake, akinishonea vifungo. Wiki hii mkaa umeniishia, na tangu juzi hajakohoa. Barua naituma hivyo hivyo, kwa kuwa stempu nimeshaibandika.