Breketi Nane na Futi ya Baba

Jumatatu, 2 Juni 2025
Kazi imepatikana! Mama Devota, mwenye gesti kule Mikumi, anataka breketi nane za kutundikia televisheni ukutani. Nimewahi kabla Ditram hajasikia. Ditram alifundishwa ufundi na marehemu baba hapa hapa Kilosa, na mpaka leo anachora kwa chaki kwenye boksi la sabuni. Zama hizi!

Mama yangu kaitia doa furaha hiyo. Kasema jiriwa ya baba, ile ya kubania vyuma aliyostaafu nayo kutoka karakana ya reli, imechoka kubana vumbi. Kazi hii nikiiweza, jiriwa ni yangu. Nikiharibu, anampa Ditram. Kasema kwa Kinyakyusa, kwa hiyo hatanii.

Jumanne, 3 Juni
Kutwa nachagua zana za kuchorea. Boksi? Aibu. Daftari la miraba? La watoto wa shule. Nimepakua programu kwenye simu. Breketi inazunguka yenyewe, unaiona mpaka mgongoni! Nimemwonyesha mama. Kauliza kama inakata na chuma.

Ya kupimia nimechukua futi ya baba, ya mbao, ya kukunja. Ncha imeingia weusi. Nimeinusa, bado ina grisi yake. Nikamwona kabisa: ovaroli ya bluu, penseli sikioni, mimi nimemshikia chuma, treni ya mizigo inapita na kikombe chake cha chai kinatetemeka mezani. Sijapata raha kama ile tena. Na vituko vyake! Kila kipimo alianzia kwenye namba mbili, anahesabu kwa midomo, ndipo anaandika. Uzee wa macho, nadhani. Nimemkumbuka sana mzee wangu.

Jumatano, 4 Juni
Mikumi. Nimepima umbali wa matundu ya skrubu nyuma ya televisheni. Inchi tisa kamili. Nimeingiza kwenye simu. Mama Devota kaitambua futi, kaniletea supu. Kumbe baba ndiye aliyemtengenezea geti la kwanza.

Nimerudi Kilosa, nimekutana na Ditram. Kanishauri nikate boksi, nilibandike nyuma ya televisheni, nilitoboe pale pale kwenye matundu, basi. Nimemwambia ahsante, nina simu.

Ijumaa, 6 Juni
Nimekata na kutoboa zote nane. Inchi tisa kwa tepu mpya ya chuma, inang'aa. Ditram kapita, kasema ningejaribu moja kwanza. Wivu tu.

Jumamosi, 7 Juni
Mungu wangu. Haikuingia hata moja. Umbali wa matundu ya breketi umezidi inchi nzima. Zote nane!

Mama Devota kampigia Ditram. Kaja na boksi lake. Nilimpa futi ahakikishe, akaishika kama mtu anayeshika mkono wa mzee wake.

"Inchi ya kwanza iliungua kwenye moto wa karakana," alisema. "Ndiyo maana mwalimu alianzia mbili, kisha anatoa mbili. Ulikuwepo, Emanueli. Ulilia kuliko yeye."

Nimekumbuka kulia. Futi sikuikumbuka.

Jumapili, 8 Juni
Ditram kaja na toroli baada ya ibada. Kamwamkia mama, mama kaitikia marahaba mwanangu, kisha akaifuta jiriwa kwa kanga yake mwenyewe. Ilipotoka mlangoni nikalia. Benchi limebaki na matundu manne. Ditram kasema niende kuitumia siku yoyote.

Lakini sikuzubaa! Asubuhi, kabla hajaja, niliipima jiriwa yote. Fundi mmoja wa Dumila atanitengenezea nyingine, sawasawa na ya baba. Eti kosa ni futi? Kosa ni programu. Ile nimeifuta, nimepakua nyingine, na mchoro nimeshamtumia fundi.

Upana wa taya, inchi saba. Nimepima kwa futi ya baba, taratibu, kwa heshima zote, nikianzia nchani kabisa, kidole gumba kikiwa pale pale palipoungua.