Tochi Inayoona Kiu ya Majani

Ulimi alikiokota kile kifaa kwa bei ya kutupa kwenye mnada wa mizigo iliyotelekezwa. Kilikuwa kidude cha kushika mkononi, mfano wa tochi, chenye jicho la kioo mbele na skrini ndogo nyuma. Ukikielekeza kwenye jani bichi, jani lile linatokea kwenye skrini likiwa na madoa ya kijani na mekundu. Mtu mwaminifu angejiuliza kinafanya kazi gani. Ulimi alijiuliza kitamwingizia nini.

Kesho yake alivaa koti jeupe akaingia mtaa wa matajiri, mtaa ambao mbwa wana daktari wao na maua hayana. Dhuluma hiyo ilimchoma moyo. Akapita nyumba hadi nyumba akieleza, kwa uso wa msibani, kwamba mashine yake inaona ugonjwa wa mmea kabla mmea wenyewe haujajua kuwa unaumwa. Wekundu ni hatari. Dawa, kwa bahati njema, alikuwa nayo: maji ya bomba yenye sabuni na rangi ya bluu. Watu wenye vyeti ukutani walizigombea chupa, na ndani ya wiki moja zikamwishia.

Ndipo akafika kwa mjane mmoja mwenye bustani ya waridi. Bibi huyo hakuuliza habari za dawa. Alikiomba kifaa, akapima jani moja baada ya jingine, kisha akataka kujua kama kinaona kiu kabla jani halijanyauka.

"Hata kiu ya kesho kinaiona, mama," Ulimi akajibu.

Bibi akasema fedha hana, ila kuna gari pale uani, wabadilishane. Ulimi akadai kifaa ni urithi wa marehemu baba yake, akafuta chozi, akapokea ufunguo.

Hakufika mbali. Gari lilikuwa la mpangaji wa bibi, aliyezoea kumwachia ufunguo, na mpangaji alikuwa askari. Bibi alipoitwa kituoni alikuja na kifaa kikining'inia shingoni. Akamwombea Ulimi msamaha: kijana aliomba kulijaribu gari tu, pengine alipotea njia. Ulimi angebisha, lakini kwenye benchi walikuwa wamekaa wateja wake watatu wakingoja zamu ya kushtaki, bado hawajamwona, kila mmoja na chupa yake ya bluu. Akashukuru, akaachiwa, akatoka ameuinamisha uso.

Nje ya mlango alimnong'oneza kwa uchungu, "Mama, hicho ni kidude cha kuchezea. Nilikuwa nawadanganya watu."

"Kwenye dawa, ndiyo," bibi akasema. "Kwenye kifaa ulisema kweli tupu, mwanangu. Nimefundisha sayansi ya mimea mpaka nikastaafu, na chuo chetu hakikuwahi kumudu hata kimoja."

Miaka yote ya uongo ilikuwa imemlisha vizuri. Wiki moja ya kusema kweli, tena bila kujua, ikamrudisha nyumbani kwa miguu.