Tumbo la Bwana Brandreth

Lyle Tarkington alikuja Heron Glade kuuza vidonge vya kuotesha nywele, tena kwa siku moja tu, na angekuwa ameshaondoka zake kama si ugomvi uliozuka kwenye foleni ya supu.

Ilikuwa saa kumi alasiri, wakati wetu wa chakula cha usiku. Sisi wastaafu wa Florida hatuoni kwa nini mtu angoje giza ndipo ale. Mwiko wa supu ulikuwa umeshikwa na watu wawili kwa pamoja: Bi Arlette Dombrowski, aliyekuwa mwalimu mkuu huko Ohio na ambaye sauti yake haijastaafu mpaka leo, na Irv Sokolow, fundi bomba kutoka New Jersey.

"Bwana Brandreth ametujengea paradiso!" alisema Bi Arlette akivuta mwiko.

"Paradiso gani hiyo inayopandisha ada kila mwaka?" alijibu Irv akiuvuta kwake. "Huyo mzee anapaka nyusi rangi, Arlette! Mtu anayedanganya kwa nyusi atasema ukweli kwenye bili ya maji?"

"Wewe ulikuja hapa huna hata rafiki mmoja."

"Na sasa ninaye mmoja, na ananinyima supu!"

Hollis Brandreth ndiye aliyeijenga Heron Glade yote. Nyumba ni zake mpaka umalize kulipa, viwanja vya gofu ni vyake, gazeti tunalosoma ni lake, redio ni yake, baa ni yake, na hata makaburi, kwa wale wenye haraka, ni yake. Nusu yetu tungempigia magoti kama magoti yangekubali. Nusu nyingine tukisikia jina lake tunatafuta dawa ya presha.

Mtu mwingine angeona wazee wawili wakigombania mwiko. Lyle aliona mgodi wenye milango miwili. Alisimama, akaviacha vidonge vyake vya nywele palepale mezani, akaenda kununua kofia ya msanii.

Kesho yake alijitambulisha kwa Bi Arlette kama Anselm Duprey, mchonga sanamu. Alizungumza kwa kunong'ona, kama daktari mwenye habari njema.

"Mama, Bwana Brandreth anatimiza miaka themanini. Kuna watu wazito wanataka asimamishiwe sanamu ya shaba pale uwanjani penye jukwaa la bendi, iwe zawadi ya kumshtukiza. Kwa hiyo ofisini kusijulikane kitu. Wakijua wao, yeye kajua."

"Mungu wangu! Na sisi wakazi tutasaidiaje?"

"Shaba imeshapatikana. Tatizo ni uso, mama. Uso wa shaba tupu hufanana na sufuria. Uso wa mtu kama yule unahitaji dhahabu kidogo ndani yake, dhahabu iliyovaliwa na watu wanaompenda."

Bi Arlette alivua bangili palepale. Kufikia Jumapili, wapenzi wa Brandreth walikuwa wameleta mikufu, vifungo vya mashati, vijiko vya fedha, na jino moja ambalo mwenyewe alilitoa kwa koleo akisema halimsaidii kitu tangu ahamie kwenye uji.

Jumatatu mlango wa chumba alichopanga Lyle uligongwa kwa ngumi. Alikuwa Irv, uso umemwiva.

"Wewe ndiye unayemsimamishia sanamu yule jambazi?"

Lyle alimtazama. Katika kazi hii, mtu akikujia na hasira ujue amekuja na mfuko. "Ingia, mzee wangu. Keti. Nikuulize kitu: unajua sanamu ya shaba ndani ina nini?"

"Ina nini?"

"Haina kitu. Ni tupu. Kuna tumbo kubwa kabisa pale ndani, na kabla sijaliziba, mtu anaweza kutia chochote." Akasogea karibu. "Karatasi, kwa mfano. Yenye maneno yako, kwa mwandiko wako. Naliziba tumbo, haifunguki tena. Wajukuu zake watakuja kupiga picha naye, watalii watamsalimia, na wewe utapita pale kila asubuhi ukijua ameshiba nini."

Mabega ya Irv yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka meno ya bandia yakamteleza, akayadaka hewani kwa ustadi wa mtu aliyezoea.

"Naruhusiwa kurasa ngapi?"

"Inategemea umeleta nini. Kwa pete, kurasa tano. Matusi ya kawaida hayana nyongeza. Ya kumtaja mama yake mzazi, ongeza kijiko."

"Ngoja nikalete vijiko," alisema Irv.

Basi wiki ile Heron Glade ilikuwa kama imepandwa na kichaa kitamu. Vigari vya gofu vilijaa nje kwa Lyle kuliko kwenye bingo. Wapenzi walipita mlango wa mbele na dhahabu ya uso, wapinzani mlango wa nyuma na dhahabu ya tumbo, na pande zote mbili zilitoka zikitabasamu, kila upande ukiuonea mwenzake huruma. Watu waliokuwa hawajashika kalamu tangu waandike wosia walikesha wakitunga. Bibi mmoja alileta shairi lenye vina. Babu mmoja alikosa maneno, akachora.

Kwa furaha Lyle hakupata usingizi. Kitu kimoja tu hakukitegemea.

Alhamisi, wakati wa jua kali ambapo kila mtu yuko chini ya feni, Bi Arlette aliingia kwa mlango wa nyuma amevaa miwani myeusi na kofia kubwa kama paa la kibanda.

"Nimesahau mwavuli wangu hapa."

"Hukuja na mwavuli, mama."

Alivua miwani. "Basi nipe karatasi. Moja tu. Na ukimwambia Irv nitakukana."

Aliandika akiwa amesimama, haraka haraka, kisha akaisoma kwa sauti, kama aliyetaka angalau mtu mmoja asikie. Nyumba yao waliuziwa kwa kuwa ilitazama bwawa. Mumewe, Walt, alinunua darubini ya kuangalia korongo wa bwawani. Kabla mwaka haujaisha, Brandreth alijenga banda la vigari katikati ya nyumba na maji, na Walt, ambaye wakati huo alikuwa hatoki kitandani, alitumia miezi yake ya mwisho akiangalia ukuta.

"Nampenda Bwana Brandreth," alisema Bi Arlette akikunja karatasi. "Bila yeye ningekuwa Ohio nikifagia theluji peke yangu. Lakini ule ukuta! Ule ukuta sijamsamehe."

Lyle alihisi kitu kikimchoma kifuani. Akadhani ni kiungulia, akameza kidonge.

Bi Arlette hajafika mbali, Irv naye akatokeza kwa mlango wa mbele, akiangalia huku na huku. Alikuwa na saa ya dhahabu mkononi.

"Hii itie kwenye uso. Ukimwambia mtu, nakuzibia choo, na nikiziba mimi hakuna fundi wa kuzibua."

"Kwenye uso, mzee? Wewe?"

"Usiniulize." Alijikuna shingo. "Mke wangu alipofariki nilikaa mwaka mzima sizungumzi ila na televisheni. Nikaja hapa. Jioni moja nikasikia muziki pale uwanjani, nikaenda kulalamika kuhusu kelele, bibi mmoja kutoka Delaware akanishika mkono akanichezesha mpaka nikasahau nilichokwenda kulalamikia. Sasa ule uwanja nani kaujenga? Yule mwizi. Ningefanyaje? Weka puani, pasionekane sana."

Siku ya mwisho Lyle alikuwa anafunga mizigo. Sanduku la dhahabu lilikuwa zito kiasi cha kumpa maumivu ya mgongo, maumivu matamu kuliko yote aliyowahi kupata. Karatasi zilijaa gunia. Alikuwa anafikiria azitupe wapi, mlango ukafunguliwa bila hodi.

Aliingia kizee kifupi, amevaa kaptula na soksi ndefu, nyusi nyeusi kama kiwi ya viatu.

"Nasikia nina tumbo," alisema Hollis Brandreth.

Lyle alikuwa ameshafukuzwa katika majimbo mengi, hakubabaika. "Bwana Brandreth! Umeniharibia zawadi yako ya siku ya kuzaliwa."

"Nataka kilichomo tumboni."

"Hizo ni siri za watu, bwana. Mimi ni msanii, nina heshima yangu."

"Bei gani?"

"Ingawa msanii naye anakula," alisema Lyle.

Brandreth aliketi juu ya kitanda, miguu haikufika chini. "Kijana, nina gazeti linalonisifu kila asubuhi. Nalilipa. Nina redio inayonisifu mchana. Nailipa. Kinyozi wangu ananiambia nafanana na mtu wa miaka hamsini. Kibanda chake ni changu. Nakaribia themanini na sijui hata mtu mmoja ananionaje. Nipe hilo gunia."

Lyle aliona mlango wa tatu wa mgodi ukifunguka. "Nyumba," alisema. "Ile nyeupe iliyo juu ya maji, yenye gati."

Brandreth alishika kifua. Alisimama, akazunguka chumba, akafuta jasho, akamwita Lyle mnyang'anyi, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. "Ile nilitaka kumpa binti yangu," alisema kwa sauti iliyokatika. "Haya. Lakini na sanduku liwe langu. Nijue wamenithamini kiasi gani."

Lyle alipima kichwani. Sanduku lilikuwa zuri, lakini nyumba ile ingenunua masanduku kumi. Walikwenda ofisini saa ileile, na hati zikawekwa mezani, nene kama godoro. Hapo ndipo Lyle alipofanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi: alitia saini jina lake la kweli, maana nyumba iliyoandikwa jina la mtu asiyekuwepo haiuziki. Hakusoma zile kurasa. Tapeli asiyesoma mkataba! Lakini furaha nayo ni ulevi, na alikuwa ameinywa wiki nzima.

Asubuhi alirudi ofisini kuiuza. Karani aliyemhudumia alitabasamu vizuri sana.

"Hongera, Bwana Tarkington! Kuuza ni lazima kwanza uishi humo miaka kumi."

"Kumi?"

"Na ukiuza, mnunuzi wa kwanza ni Bwana Brandreth, kwa bei atakayoona inafaa. Halafu kuna ada ya bwawa, ada ya gati, ada ya walinzi, na deni la barabara lililoachwa na mwenye nyumba wa kwanza."

"Mwenye nyumba wa kwanza ni nani?"

"Bwana Brandreth."

"Nikiondoka tu, je? Nikipotea?"

"Ada zinamfuata mtu popote alipo," alisema karani. "Ndiyo maana tunashukuru ulituandikia jina lako kamili. Bwana Brandreth amelipeleka kwa mkuu wa polisi alihifadhi. Wanacheza gofu pamoja."

Jioni ile Brandreth alituita uwanjani. Alisimama kwenye jukwaa la bendi na lile sanduku miguuni, akatuambia amesikia habari za sanamu na ameguswa moyo, lakini yeye ni mtu mdogo tu, mjenzi wa nyumba, hastahili shaba, sembuse dhahabu. Kila mtu aje achukue chake. Na zile karatasi, alisema, amezichoma bila kuzisoma. Kuhusu msanii, ameipenda Heron Glade kiasi kwamba amenunua nyumba na kuacha uchongaji.

Watu walilia. Irv alilia kuliko wote, akisema ni vumbi. Hakuna aliyefilisika, hakuna aliyeaibika, na mtu mmoja kule jukwaani alikuwa amepata mapenzi yetu yote kwa dhahabu yetu wenyewe, akapata na mnunuzi wa nyumba iliyokaa miaka bila kupata mjinga.

Ila mwezi uliofuata banda la vigari lilivunjwa, bila tangazo wala maelezo. Bi Arlette alitoa kiti nje, akaitoa na darubini, akakaa mpaka giza, na hakutaka mtu amsemeshe. Jumapili iliyofuata Brandreth alionekana kanisani na nyusi nyeupe pepe. Irv alipoziona alipaliwa na pipi ya kikohozi. Mwezi uliofuata tena, ada ikapanda.

Lyle alikuwa barazani, akiokota jani ambalo walinzi walikuwa wamemwandikia barua kulihusu, Irv na Bi Arlette walipofika na pai ya ndimu.

"Karibu mtaani," alisema Bi Arlette. "Hizo soksi zisianikwe mbele, watakutoza."

"Wamenitoza jana!" Lyle alitupa jani chini, akakumbuka, akaliokota tena. "Hivi yule mzee ni mtu wa namna gani? Gati langu halina maji! Nikiuliza naambiwa maji ni msimu! Mnamvumilia vipi?"

Irv alivuta kiti akaketi, akafungua kifungo cha juu cha shati kama mtu aliyefika nyumbani.

"Una muda?" aliuliza.

"Nina miaka kumi," alisema Lyle, akaenda kutafuta kisu cha kukatia pai.