Ugonjwa wa Mlima Umenipata Newala

Leo nimeumbuka. Barua hii msomeane ninyi tuliosoma chuo pamoja tu, kisha muichome moto.

Mnajua nilipangiwa huku Newala kufundisha kisomo cha watu wazima. Darasa langu ni la akina mama tu, na tangu mvua zikatike limekuwa likipukutika. Juzi nilikuwa na wanafunzi watatu na mbuzi mmoja (mbuzi hakosi hata siku moja). Mtihani unakaribia, na Bwana Elimu ameshaniambia: likizidi kuwa tupu linafungwa, nami nahamishwa. Jamani, sitaki kuhama. Nimeshawazoea watu hawa, na wamenizoea.

Sasa mimi na mdomo wangu! Nikawafokea wale watatu waliokuja, waliponiambia wenzao wako bondeni kuchota maji.

"Wenzenu wavivu! Maji gani hayo ya kutwa nzima?"

Mama Asumini, kiongozi wa darasa, hakukasirika. "Mwalimu, twende siku moja ukayaone. Kupanda kurudi huku juu ndiyo kazi."

"Mimi mtoto wa Kilimanjaro," nikasema. "Urefu wenu huu kwetu ndiyo kwanza migomba inaanza."

Nikaona haitoshi, nikawamwagia somo zima. Kwamba mtu akipanda juu sana hewa huwa nyepesi, moyo humwenda mbio, kichwa humuuma na akili humruka. Kwamba atabisha, atasema haumwi. Msimsikilize! Mpimeni kwa hesabu ndogo, akikosea mteremsheni upesi, maana dawa ni hiyo tu. Wakaandika yote. (Mwalimu gani hafurahi akiona wanafunzi wanaandika?)

Basi leo alfajiri tukashuka bondeni. Kushuka raha tupu, nikapiga hata mluzi. Madebe yao yalikuwa yamelala kwenye foleni tangu jana, kwa hiyo tulichota mapema. Mimi wakanijazia nusu debe, kwa huruma.

Tukaanza kupanda. Sikuwa nimekula kitu (nilitaka niwe mwepesi). Kona ya kwanza nilisimulia habari za kwetu. Kona ya pili nilinyamaza. Ya tatu nikasikia masikio yanavuma, na wale mama mbele yangu, debe zima kichwani, wanapiga soga kama wako jikoni! Karibu na juu kabisa nikasalimu amri. Nikakaa chini, debe likapinduka, maji yakarudi zake bondeni.

Mama Asumini akatua lake. "Mwalimu, kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Na moyo?"

"Unakwenda mbio."

Wakatazamana. Akainama, akaniuliza taratibu: "Saba mara nane?"

Jamani, mnanijua. Saba mara nane hainikai kichwani hata nikiwa nimeshiba.

"Hamsini na nne!" nikajibu, kwa sauti ya kiualimu kabisa.

"Hamsini na sita," akasema mama mmoja aliyevuka Ruvuma kukimbia vita, aliyeingia darasani kwangu hajui hata kushika kalamu. "Masikini, akili imeruka."

"Siumwi! Ni njaa tu!"

"Anabisha," Mama Asumini akawaambia wenzake kwa huzuni. "Alisema mwenyewe mgonjwa atabisha."

Wakanishika huku na huku. Mama Asumini akageuka, nikajikuta mgongoni kwake, nimefungwa kanga kama mtoto wa kuachishwa ziwa. Tukaanza kushuka. Mteremko uleule! Ule niliotoka kuumaliza!

Na njia nzima watu wanapanda. "Shikamoo, Mwalimu!" Nami huko juu, miguu inaning'inia: "Marahaba." Kona ya pili tukakutana na Bibi Somoe, mzee wa kumheshimu, ikanibidi nami niamkie.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umevunjika?"

"Hapana, Bibi."

"Amepatwa na urefu," akajibu Mama Asumini, chini yangu.

Bondeni wakanilaza kivulini, wakanipa maji na muhogo wa kuchoma. Nilipomaliza kipande cha pili nikaketi, macho yamefunguka. Wakapiga vigelegele. "Mnaona! Kashuka, kapona!" Nitabisha nini? Somo ni langu.

Hapo ndipo nilipotazama ile foleni ya maji vizuri. Darasa langu lote lilikuwa limekaa pale! Wote niliowaandika watoro, kila mmoja na debe lake, wanasubiri kijichemchemi kitoe tone baada ya tone. Aibu iliyonishika hapo ilizidi ya mgongoni. Niliwaita wavivu watu hawa.

Nikaokota kijiti, nikasawazisha mchanga, nikaanza kufundisha. Wakasogea, hata na wasioandikishwa. Tumesoma mpaka jua la utosi, na hakuna aliyetoroka kwa sababu hakuna pa kwenda. Jamani, nimefurahi leo kuliko siku yoyote tangu nitoke chuoni.

"Mwalimu," akasema Mama Asumini, "afya yako na darasa letu, vyote vikae hukuhuku bondeni." Nimekubali. Kuanzia kesho rejesta inashuka.

Msinicheke. Bwana Elimu akitaka kulikagua darasa langu, karibu sana. Kushuka ni raha, na kupanda akina mama wangu watamwonyesha.