Kigingi Kilichotembea

Asubuhi hiyo sauti ya Redio ilifika kijiweni kabla yake. Ilikunja kona, ikapita mbele ya duka la kinyozi, ikakaa kwenye benchi, ndipo mwenyewe akafuata na futikamba yake shingoni. Alikuwa fundi cherehani, na jina la Redio alibandikwa na watu wa benchi kwa sababu moja tu, kwamba hana kitufe cha kuzimia.

"Halmashauri imebandika tangazo," alisema, akapokea kikombe chake cha kahawa kutoka kwa Bi Birika. "Ufukwe wetu unaboreshwa. Na kazi ni leo."

Yote aliyoyasoma ubaoni akayamwaga bila kupumua. Kando ya ukuta wa bahari patawekwa vigae na viti vya kupunga upepo. Patasimikwa taa kali, na hapo akaongeza yake, kwamba samaki wataomba mapazia. Juu ya yote hayo, choo cha umma cha milango minne, chenye maji ya bomba.

"Leo ya mwaka gani?" akauliza Wembe, kinyozi, ambaye duka lake lilikuwa palepale konani. "Ile leo ya mtaro wa maji ya mvua ilitangazwa binti yangu anatambaa. Juzi kaniletea mchumba."

Timazi hakucheka. Huyo alikuwa mwashi mstaafu, aliyeitwa kwa jina la kamba ya waashi ya kupimia wima, maneno machache, yamenyooka kama kuta zake. Alisema vigae visivyowekewa msingi mzuri kando ya bahari vitajifunza kuogelea kabla ya wageni. Ila choo, akakiri, kinatakiwa. Kwa miaka yote hiyo mtu akishikwa na haja pale kijiweni alikuwa anaaga kwamba anakwenda kusalimia bahari, akapotelea nyuma ya ukuta. Bahari ilikuwa imesalimiwa mpaka imechoka.

Bi Birika aliwasikia, lakini jicho lake lilikuwa chini. Nusu hatua kutoka kwenye jiko lake la mkaa palisimama kigingi cha mti chenye kichwa chekundu. Alikikuta jana alipokuja kuwasha moto. Watu wote wa mtaa walijua maana ya rangi ile: hapo ndipo patakapochimbwa, na kwenye tangazo lile cha kuchimbiwa shimo kilikuwa choo. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameuza kahawa kwenye kivuli cha ukuta ule, ameozesha mabinti wawili kutokana na birika lile moja, na hakuwa na kivuli kingine.

"Kwa hiyo choo kinakuja kukaa nilipokaa mimi," alisema.

Hapo benchi likawaka. Wembe akaapa atalala mbele ya sururu, wamchimbe yeye kwanza. Redio akasema ataandika barua ya kurasa tatu, na nakala apeleke kila mahali penye mhuri. Hata Timazi alisema wazi kwamba huu ni uonevu, kumwondoa mama wa watu kwenye riziki yake.

Bi Birika aliwashukuru. Lakini alikuwa amelea watoto sita, na alijua hasira ya mtu asiye na hatia ilivyo tofauti na ya mwenye hatia. Hawa watatu walikuwa wanakasirika mno, tena wanakasirika wakiangalia bahari. Kigingi hakuna aliyekitazama.

Akainama kana kwamba anachochea mkaa, akakitazama yeye. Rangi nyekundu ilipopakwa ilikuwa mbichi, na kwenye ubichi ule zilikuwa zimenasa nywele fupi fupi, nyeusi na za mvi, kama zinazojaa kwenye shuka la kinyozi. Chini kidogo palikuwa na mstari wa chaki ya buluu na kimsalaba, alama ambayo Redio huweka kwenye kila suruali kabla ya kukata. Na kigingi chenyewe kilisimama wima, wima wa kupimwa, wala hakuna kibarua wa halmashauri ambaye angejihangaisha namna ile kwa kipande cha mti.

Akainuka taratibu, akajipangusa mikono kwenye kanga, akawajazia vikombe wote watatu.

Hawajamaliza kuvinywa, akatokea msimamizi wa ujenzi, ramani kwapani, vibarua wawili nyuma yake. Akakitazama kigingi, akaitazama ramani, akarudi mpaka kwenye nguzo ya taa ya barabarani na kuja tena akihesabu hatua kwa sauti.

"Mama, shikamoo. Hiki kigingi kina miguu?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimekikuta tu."

Msimamizi akaeleza. Wapimaji waliandika hatua arobaini kutoka kwenye nguzo, na hapa alikuwa amehesabu tisini na mbili. Ama wapimaji hawajui kuhesabu, ama kigingi kimetembea. Yeye hesabu yake peke yake haimruhusu kukigusa. Fomu inataka mtu aliyeona kwa macho kilikotoka. Akipatikana, kitarudishwa sasa hivi. Asipopatikana, amri yake ni kuchimba penye kigingi.

Redio, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, alizimika.

Bi Birika akakaa kwenye kigoda chake, akakunja miguu. "Kabla hawajachimba, wanangu, niageni kwa fumbo moja. Kitendawili."

"Tega," wakaitikia wale watatu wa benchi, kwa shida.

"Mgeni wangu kapita milango mitatu. Kila mlango ulimsindikiza mpaka kwa jirani. Na wenye milango wote kila asubuhi wanamtafuta wakikimbia."

Msimamizi akafungua mdomo. Bi Birika akamwonyesha kidole kwamba hakuulizwa yeye. Wale watatu wakaangaliana. Timazi akakohoa. Redio akasema labda ni upepo, kisha akasema labda ni deni la dukani, kisha akaomba maji.

"Tumeshindwa, Bi Birika," alisema Wembe upesi. "Chukua mji."

Redio akashangilia kwamba wampe mji mkubwa, wenye magorofa na uwanja wa ndege.

"Magorofa nitayapandaje na magoti haya," alisema Bi Birika. "Sitaki mji wa mbali. Nipeni baraza la Wembe."

"Baraza langu?"

"Mmeshindwa, nimechagua mji. Mimi nahamia barazani kwako leo hii, na jiko langu, na majivu yangu, na benchi, na hawa wakaao juu yake."

Wembe akaliona. Aliona majivu ya mkaa yakitua juu ya vipara vilivyopakwa mafuta. Aliona Timazi amesimama nyuma ya mteja, jicho moja amelifumba, akisema upande wa kushoto umezidi. Na aliona Redio, kutwa nzima, kila kichwa, ushauri.

"Fundi," Redio akamwambia, tayari amefurahi, "hata mimi kule mbele nitapata mwanga mzuri wa kutungia uzi."

"Choo," alisema Wembe.

"Sijasikia vizuri, mwanangu. Masikio ya uzee."

"Jibu ni choo. Kigingi nilikikuta mbele ya dirisha langu, nikakisogeza mpaka kwa Redio. Redio akakisogeza mpaka kwa Timazi. Timazi ndiye aliyekuletea wewe."

"Mimi nilikipiga timazi tu," akajitetea Timazi. "Kilikuwa kimelala upande."

Vibarua walikuwa wamekaa chini kwa kicheko. Msimamizi akaandika kwenye fomu kwamba mashahidi wamepatikana, watatu, wote wa kuaminika. Kisha akaking'oa kigingi, akampa Wembe akibebe mwenyewe, kwa kuwa njia anaijua.

Wembe akakipokea, akapiga hatua mbili, akasimama.

"Lakini nimejibu sawa," alisema. "Sasa ni zamu yangu kutega."

"Ni haki yako," alisema Bi Birika, akigeuza mkaa. "Tega huku unatembea."