Tranka la Matroni na Paka wa Jikoni

Leo nimeumbuliwa na paka. Tena si paka wa maana, ni paka wa jikoni, na ni mbele ya wasichana themanini na bodi nzima ya shule. Nimejifungia chumbani naandika. Nyie ndio wa kwanza kujua, maana mume wangu nikimwambia atacheka mpaka Pasaka.

Kwa wasiojua, mimi ni matroni wa bweni la wasichana, shule moja huku upande wa Segese. Muhula huu umetubana kwelikweli. Kidato cha nne wana mtihani wa moko, maji yanatoka siku moja yanapumzika mbili, na juu ya hayo bodi ilikuwa inakuja leo asubuhi kukagua mabweni. Wakimaliza kukagua, wakae kikao, wanithibitishe kuwa Mlezi Mkuu wa mabweni yote manne. Cheo hicho nimekisubiri miaka sita! Na sifa yangu ni moja tu, kila mtu anaijua: kwenye bweni langu hakiingii chakula.

Chakula bwenini kinaleta panya. Kwa hiyo wasichana wakirudi kutoka likizo nasimama mlangoni, filimbi shingoni, napekua begi moja moja. Matobolwa (vile viazi vitamu vya kuchemsha, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikakauka, mimi mwenyewe nimelelewa navyo kule Kambarage), nachukua. Karanga za kukaanga, nachukua. Pilipili ya chupa, nachukua. Wakilia nawaambia, "Vyote nakwenda kuchoma moto!"

Sasa niseme ukweli, tuko wenyewe hapa. Mara ya kwanza nilichoma kweli. Mikate miwili na kashata. Sikupata usingizi wiki nzima. Mara ya pili nikanyang'anya matobolwa mekundu ndani, yamekauka yanalia kama vigae. Nikasema nitayachoma Jumamosi. Nikaonja moja, angalau nijue nachoma nini. Jumamosi ikapita, na nyingine, na muhula. Mpaka leo nina tranka la bati chini ya kitanda, limejaa hadi kulifunga lazima nilikalie.

Juzi akaja baba yake Minza wa kidato cha kwanza. Ni mvuvi wa Nkome, kule ziwani, mtu mpole, kamletea mwanawe mfuko wa dagaa. Alipoondoka tu nikauchukua, nikaushindilia trankani, nikafunga kufuli. Sikukumbuka kuuliza kama dagaa wenyewe wamekauka.

Hawakukauka.

Leo alfajiri nimeamshwa na harufu. Nikamwaga dawa ya kusafishia choo. Nikachoma udi. Ikawa harufu ya dagaa waliokwenda harusini! Nikataka kulitoa tranka nje, lakini wasichana walikuwa tayari wamejipanga, kila mmoja miguuni pa kitanda chake, na chumba changu kiko mwisho kabisa wa bweni. Ningepita wapi na tranka mbele ya macho yote yale? Nikafunga mlango, nikaomba Mungu.

Saa tatu wakaingia. Mbele Madamu Mkuu, mkuu wetu wa shule, mwanamke asiyepandisha sauti. Nyuma yake Mwenyekiti wa bodi, mzee mfugaji mwenye kofia ya pama, na wajumbe wanne. Shuka zimenyooka. Sakafu inang'aa. Madamu akafika katikati ya bweni, akasimama, akanusa.

"Matroni, hii harufu ni ya nini?"

"Panya, Madamu. Nadhani kafia darini." (Ulimi huu! Sijui nani aliutuma.)

"Panya? Kwenye bweni lako?"

Hapo ndipo nilipogundua nimejimaliza mwenyewe. Nikasema haraka, "Si wa hapa, Madamu. Ni wa bweni la jirani. Alikuwa anapita tu."

Madamu akaniangalia. Akaagiza fundi wa shule aitwe. Fundi akaja na ngazi, akapanda darini, akaanza kutambaa. Vumbi la miaka yote likamwagikia zile shuka nilizozinyoosha tangu juzi. Mara, kraa! Mguu wa fundi ukatokeza kwenye silingi bodi, unaning'inia na kandambili yake, juu ya kichwa cha mjumbe wa bodi. Wasichana wakaziba midomo. Sauti ikatoka juu, "Panya sijamwona, Madamu! Nimeona mpira wa netiboli!"

Ningesema ukweli wakati ule ingekuwa nafuu. Sikusema. Nikasema, "Tafuta vizuri, fundi, yuko huko huko!"

Mwenyekiti akavua pama akajipepea. "Mnamtesa huyu bwana bure," akasema. "Kama ni panya, leteni paka."

Nikasema hakuna haja ya paka. Nikasema paka ataleta viroboto. Nikasema nina aleji, mimi ambaye mchana namlisha paka huyo huyo miguuni pangu! Hakuna aliyenisikiliza. Mpishi akaja amembeba Kashinje, paka wa jikoni, kitambi kinaburuta. Akamweka mlangoni.

Kashinje hakutazama juu hata mara moja. Alinyoosha mkia, akapita katikati ya ile mistari miwili ya vitanda, taratibu, kushoto wasichana, kulia wasichana, kana kwamba ndiye aliyekuja kukagua. Bodi ikamfuata. Akafika mlangoni kwangu, akaketi, akalia.

"Fungua, matroni," akasema Madamu.

Nikafungua. Harufu ikatoka, mjumbe mmoja akarudi nyuma hatua mbili. Kashinje akapita chini ya kitanda na kuanza kukwaruza bati.

"Hilo tranka lina nini?"

"Nguo zangu, Madamu."

Mwenyekiti akainama, akanusa kwa utulivu wa mtu aliyezoea zizi. "Mayu," akaniambia, kwa heshima kama vile mimi ni mama yake, "nguo zako zinanuka ziwa?"

Nikasema ufunguo umepotea. Madamu alinitazama shingoni tu. Ufunguo ulikuwa pale, kwenye kamba moja na filimbi.

Nikafungua. Juu kulikuwa na kitenge kimoja. Kashinje akakivuta kwa kucha, na yote yakawa hadharani: matobolwa, karanga, ubuyu, chupa tisa za pilipili, mfuko wa dagaa unatoa maji. Na kila mfuko una jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino! Mimi ndiye niliyewafundisha kuandika jina kwenye kila kitu, tena kwa herufi kubwa.

Kabula, kiranja wangu wa bweni, msichana ambaye hajawahi kunijibu neno, akasema, "Matroni... si ulisema ulivichoma?"

Madamu akasema kwa sauti yake ile ile ndogo, "Soma majina, matroni. Kila mwenye chake aje achukue. Leo vyote vikaliwe bwaloni viishe."

Nikasoma. Wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akapiga goti kwa adabu. "Asante, matroni." "Asante, matroni." Mara themanini! Afadhali wangenizomea. Mmoja wa kidato cha nne alipokea karanga alizonyang'anywa akiwa kidato cha pili, akazitazama kama ndugu aliyerudi kutoka safari. Minza akapiga goti akasema dagaa wake atampa Kashinje, mimi nisijali.

Mwenyekiti akaomba tobolwa moja, akatafuna. "Mama huyu anajua kutunza vitu," akawaambia wajumbe. "Mlisema mnatafuta mtu wa stoo?"

"Stoo hapana," akasema Madamu. "Stoo hapana kabisa." Cheo changu hakuna aliyekitaja tena, wakaenda bweni la jirani.

Na sasa hivi, nikiwa naandika, Kabula kagonga hodi. Kaniletea sahani kutoka bwaloni, matobolwa na karanga, imefunikwa vizuri. "Wenzangu wanasema matroni asikae na njaa." Machozi yakanitoka, jamani. Watoto wana huruma! Nikapokea, nikamwambia asante mwanangu, nenda. Hakwenda. Nikamuuliza anasubiri nini.

"Nasubiri sahani, matroni. Wamesema nihakikishe umekula hapa hapa, vyote, nikiwa naona."

Nimekula vyote, kasimama mlangoni anahesabu. Atakayecheka, ajue nina filimbi.