Mheshimiwa Anataka Michango

Jumatatu, tarehe 3

Mwenyekiti wa chama chetu taifa amenipigia simu leo asubuhi, yeye mwenyewe, kuomba ushauri wangu. Kaona mambo yamekuwa mazito, akasema ngoja nimtafute yule mzee.

Basi, hakupiga. Ni barua ya katibu wake, imetumwa kwa matawi yote, na ya kwetu ilipelekwa kwa kinyozi kwa makosa. Aliponiletea ilikuwa imeshafunguliwa. Anadai gundi ilikuwa mbovu.

Barua inasema Mheshimiwa Mwenyekiti anazunguka mtaa kwa mtaa kukutana na watu. Anapigania sheria mpya ya fedha za kampeni: anayempa mwanasiasa pesa ajulikane jina, kiasi, na pesa ilikwenda wapi. Alhamisi yuko kwetu, ukumbini. Mstari wa mwisho: wananchi waandaliwe kutoa michango yao. Nimeusoma mara mbili. Mama wa watu anataka pesa.

Jumamosi tawi linachagua mwenyekiti. Kiti hicho nimekikalia miaka kumi na tisa na kinyozi anakimezea mate. Tawi likichanga vizuri, nani atathubutu kuning'oa?

Mke wangu kasema niisome tena barua, polepole. Nimemwambia siasa nilianza yeye hajajua kuwasha jiko. Akarudi kuosha vyombo, kwa kishindo. Sipendi vyombo vikilia hivyo.

Jumanne, tarehe 4

Nimefunga kibanda changu cha kutengeneza saa (hakuna aliyegundua, watu wote siku hizi wanaangalia saa kwenye simu) nikapita nyumba kwa nyumba na kopo la biskuti.

Mama wa chai akauliza mchango wa nini. Nikasema wa kupinga pesa kwenye siasa. Akasema, kwa hiyo mzee wangu unakusanya pesa ili pesa zisikusanywe? Nikamweleza ni kama chanjo: unatiwa ugonjwa kidogo ili usiugue. Akatoa elfu mbili, lakini alinitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Muuza dawa akasema kama ni mchango wa tumbo, ule wa minyoo, anazo tembe, mbili baada ya kula. Watu wazima wanacheka hovyo. Hata hivyo alitoa.

Kinyozi akasubiri saluni ijae ndipo akachomoa elfu kumi, akaipunga hewani mpaka mteja aliyekuwa nusu kanyolewa akapiga makofi. Akataka risiti. Nikamwambia risiti yake ni uzalendo.

Nimeandika majina yote kwenye daftari la hesabu. La kwanza ni langu: elfu kumi na mbili. Nitaziweka koponi.

Jumatano, tarehe 5

Sijaziweka bado.

Nimewaza hivi. Mheshimiwa atakapopokelewa, macho yote yatakuwa kwa mpokeaji. Mpokeaji akiwa na shati lililopauka kwapani, aibu ni ya nani? Ya wananchi wote. Kwa hiyo nimenunua koti la mtumba, rangi ya majivu, elfu saba, kutoka kwenye kopo. Hii inaitwa gharama za uenezi. Linanibana mabegani lakini kwa mbele nafanana na waziri.

Mke wangu kauliza pesa ya koti imetoka wapi. Nikajibu, kwa wananchi. Akauliza, na wananchi wanajua? Nikasema mke wangu, wewe unapenda maswali sana.

Alhamisi, tarehe 6

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi ulijaa. Mheshimiwa kumbe ni mama mfupi, kavaa viatu vya chini, kashuka kwenye gari barabarani akaja kwa miguu akisalimia kila mlango. Wazee kawaamkia, shikamoo baba, shikamoo mama. Akaeleza sheria yake kwa maneno mepesi. Akasema mwanasiasa akipewa pesa gizani, atalipa gizani, na atakayelipia ni wewe uliyekaa hapo. Hata kinyozi alipiga makofi.

Kisha akasema: sasa ningependa michango yenu.

Nikasimama. Koti likalia krr mgongoni. Nikatembea mpaka mezani, nikaweka kopo mbele yake, nikainama.

Akalitazama kopo. Akanitazama mimi. Akasema kwa upole, mzee wangu, nilimaanisha maoni.

Walicheka mpaka benchi la nyuma likaanguka na waliolikalia. Wallahi, hiyo ni lugha gani, neno moja kuwa pesa na maneno? Wangeandika maoni, ningeelewa maoni.

Angeniacha nikae yangekwisha. Lakini akauliza kama kuna orodha. Nikasema kwa majivuno ipo. Akasema basi tujaribu ile sheria hapa hapa: isomwe majina, kiasi, na matumizi. Nikasoma. Nilipofika jina langu nilikohoa, lakini kinyozi akaomba nirudie kiasi.

Jumla daftarini, elfu sitini na moja. Wakahesabu kopo mbele ya watu: arobaini na mbili. Pungufu kumi na tisa. Mheshimiwa akauliza, bila ukali, zimekwenda wapi. Nikasema uenezi. Akauliza uenezi gani.

Kutoka safu ya tatu, sauti ninayoamka nayo kila siku ikasema: koti. Ikaongeza: na zile kumi na mbili zake hazijawahi kuingia.

Mheshimiwa akafunika mdomo kwa karatasi zake. Akaagiza kila mtu arudishiwe chake.

Ijumaa, tarehe 7

Kurudisha kunachosha kuliko kukusanya. Kwenye kukusanya kila mtu alikuwa maskini. Leo kila mtu anakumbuka alitoa zaidi. Seremala anaapa alitoa elfu sita. Daftari linasema tatu. Akaniuliza, daftari lipi, lile la jana?

Koti nimeliuza kwa elfu nne. Aliyelinunua ni kinyozi. Limemkaa, hilo ndilo linaloniuma. Elfu tatu zilizobaki kazitoa mke wangu, akanihesabia mkononi moja moja, taratibu, kama anamlipa kibarua.

Jumamosi, tarehe 8

Uchaguzi. Kinyozi kaja na koti. Nikapewa nafasi ya kujieleza, nikasema miaka kumi na tisa nimewatumikia kwa uwazi. Mtu nyuma akasema jumlisha vizuri. Kinyozi akaahidi kunyoa wanachama wote bure kama wakimchagua, na mama wa chai akanyoosha mkono, akauliza bei yake itaandikwa wapi. Kinyozi akakaa.

Mama wa chai akasimama. Akasema ukumbi mzima Alhamisi, tuliojua habari ya koti tulikuwa wengi, aliyesema alikuwa mmoja. Akampendekeza mke wangu.

Kinyozi kura tisa. Mimi nne. Mke wangu hamsini na mbili. Kati ya zile nne moja ni yangu. Waliopiga hizo tatu nawatafuta niwashukuru.

Nimerudi nyumbani mume wa mwenyekiti. Nikamuuliza kama nami sina cheo chochote. Kasema kipo: kuosha vyombo.

Jumatatu, tarehe 10

Jana Mheshimiwa alikuwa redioni. Kasimulia habari ya "mzee mmoja" na sheria iliyofanya kazi kabla ya kupitishwa. Mtangazaji alicheka mpaka wakaweka wimbo. Nikafikiri sana. Hotuba zake zote za mwezi uliopita hazikumpa kicheko kile. Mimi nilimpa, bure. Ananidai nini? Hanidai. Mimi ndiye ninayemdai.

Nimeandika barua, naiposti kesho, mwenyekiti wa tawi akienda sokoni:

"Mheshimiwa, shikamoo. Ni mimi yule. Nimesikia ulivyonitumia redioni, sikukasirika. Naomba kitu kidogo tu kwa malipo. Niandikie barua ya utambulisho, mistari miwili, kwamba mimi ni Mshauri wa Uwazi, ili nizunguke matawi ya mbali, ambako hawanijui, nikawafundishe. Nauli na chakula wenyeji watachanga. Mistari nimeshaiandika, iko nyuma ya ukurasa huu, ni kugonga muhuri tu. Sahihi usijisumbue, najua una shughuli nyingi. Nitaiweka mwenyewe."